Birika Lililobaki Kwenye Sinia

Hakuna aliyemkaribisha Msumari mahakamani asubuhi ile, na yeye hakuja kukaribishwa. Askari wa mlangoni alimpekua mkoba kana kwamba hamjui, ilhali walikula kiapo siku moja chuoni. Karani wa mapokezi alimwonyesha njia kwa kidevu. Msajili wa mahakama, mzee aliyenyooka kama rula, aliitazama saa yake ya mkononi, akamtazama mgeni, akaitazama saa tena.

"Nilimwambia mkuu wako aniletee mtu wa kukamata," alisema. "Si mtu wa kuangalia."

"Nitaangalia kwanza, mzee. Kukamata kunataka pingu tu."

Wenzake kituoni ndio waliompa mpelelezi huyu wa kike jina la Msumari, na hawakumpa kwa mapenzi. Walisema akishaingia kwenye jambo hatoki mpaka ubao upasuke. Mwenyewe alilipokea jina, akalivaa kama cheo.

Msajili alimtangulia kwenye korido ndefu iliyopita mbele ya vyumba vya kusikilizia kesi. Mabenchi yalipangwa ukutani, na juu ya mabenchi zilitundikwa picha sita za rangi za mafuta ambazo mahakama ilikuwa imemwagiza mchoraji azichore kwa ajili ya jengo hilo. Zilikuwa hazijamaliza hata wiki pale. Zote zilikuwa za vitu vilivyopangwa mezani: mizani na malimau, kufuli na kamba, taa ya chemli, redio kuukuu. Mtu hakuwemo hata mmoja. Msajili ndiye aliyekataa watu. Sura ikitundikwa ukutani, alisema, mlalamikaji ataapa inafanana na mdaiwa, na rufaa itaanzia hapo. Mahakama ilitaka vitu visivyo na ndugu.

Picha ya tatu ilikuwa na tundu katikati.

Tundu lenyewe lilikuwa na mdomo, mkono na tumbo. Mtu alikuwa amelikata birika likatoka lote, akaacha vingine vyote mahali pake: limau lililopasuliwa, kikombe kilichomegeka ukingo, na sinia pana la chuma ambalo birika lilikuwa limewekwa juu yake. Kwenye mng'aro wa sinia palibaki doa la manjano, la mviringo, lililopinduka juu chini. Msumari alilitupia jicho, kisha akaenda kwenye kingo za tundu. Zilikuwa safi. Wembe mkali, mkono usiotetemeka.

Aliishusha picha. Ukuta nyuma yake ulikuwa umepakwa rangi nyeupe mpya. Aliupapasa kwa kiganja chote. Haukuwa na mkwaruzo hata wa kucha.

"Nani aliyeitoa picha hapa jana?"

"Hakuna aliyeitoa," msajili alisema. "Mfagiaji ameikuta leo alfajiri ikining'inia hapohapo, na tundu lake."

"Basi aliyeikata aliishusha, akailaza mahali pagumu, akaikata, kisha akairudisha akaiweka sawasawa. Mtu mwenye hasira hatundiki tena."

"Inspekta, mwenye hasira ninaye mahabusu tangu alfajiri. Muulize askari wangu."

Askari wa korido alikuwa mtu mnene mwenye furaha ya kuulizwa. Alieleza kwa mikono miwili. Jana mchana, mke wa yule fundi seremala alipanda juu ya benchi mbele ya picha hii, akaanza kupiga kelele, "Zima! Zima!" mpaka wakamtoa nje kwa kumburuta.

"Zima nini?" Msumari aliuliza.

"Nitajuaje, afande? Taa, picha, mahakama nzima. Wendawazimu hawana kamusi."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Korido ilijaa. Mawakili, ndugu wa watu. Hata mkuu wako wa upelelezi alikuwepo, alikuja kwa kesi hiyohiyo ya seremala."

Kesi ya seremala ilijulikana na kila mtu jengoni. Alishtakiwa kumuua kaka yake, mtoto wa baba yake kwa mke mkubwa, kwa kumpiga birika la shaba kichwani. Marehemu alikuwa bahili wa kutisha, na wahuni wa korido hawakuchelewa kutunga mzaha wao: mkono wa birika kauawa kwa birika. Hukumu ilikuwa isomwe alasiri hiyohiyo. Upelelezi wote ulifanywa na mkuu wa upelelezi mwenyewe, bosi wa Msumari, na asubuhi alimpigia simu kumpa amri iliyotosha kwenye pumzi moja. "Kamata, andika maelezo, funga. Kabla ya hukumu."

Msumari aliigeuza picha, akaiegemeza kifudifudi ukutani. "Asiiguse mtu," alimwambia yule askari.

"Hata mimi?" msajili aliuliza.

"Hasa wakubwa, mzee. Wadogo wanaogopa."

*

Mke wa seremala alikuwa amefungiwa chumba cha chini ya ngazi, chenye benchi la saruji na kidirisha cha ukubwa wa bahasha. Hakuinua kichwa mlango ulipofunguliwa.

"Wewe ndiye wa zamu ya kunionea leo?"

"Ndiye. Jana ulipanda benchi."

"Nilipanda. Ningekuwa na mbawa ningeruka."

"Ukasema zima. Nani azime nini?"

Mwanamke aliinua kichwa sasa, akacheka kicheko kikavu kisicho na mate. "Mungu wangu. Mnalipwa kusikia, na hata kusikia hamjui. Nilisema zima! Birika zima! Birika langu liko ukutani, zima, halina hata mkunjo, linanitazama!"

Msumari aliketi kwenye benchi bila kualikwa. "Eleza."

"Nieleze mara ngapi? Humo ndani waliniletea birika lililobonyea tumboni, chini ya mdomo. Nikaapa mbele ya jaji kuwa birika langu halikubonyea popote. Mwendesha mashtaka akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza mtoto, 'Halikubonyea, mama, mpaka lilipokutana na kichwa cha shemeji yako, siyo?' Watu wakacheka. Nami nikanyamaza, kwa sababu ningesema nini?"

"Mabirika yapo mengi duniani. Umejuaje lile la ukutani ni lako?"

"Alinipa shangazi yangu nilipoolewa. Mkono wake ulilegea, mume wangu akauzungushia waya, akaufunga fundo la kiseremala, na fundo lile analifunga yeye peke yake. Mchoraji kachora mpaka fundo."

"Mchoraji huyo aliwahi kuja kwenu?"

"Kwetu? Kwetu hajaja hata mpiga picha wa kitambulisho."

"Na polisi walilichukua birika lini?"

"Siku ileile. Maiti ya shemeji ilikuwa haijatolewa hata ndani. Mkuu wenu alilibeba mwenyewe, kwa leso, kama mtu anayebeba yai."

Msumari alisimama. Mwanamke alimfuata kwa macho mpaka mlangoni.

"Ukigundua kuwa sikukata kitu, nani ataniomba radhi? Nimeburutwa kwa mkono mbele ya watu, nimefungiwa—"

"Radhi si kazi yangu, dada. Kazi yangu ni birika."

"Nilijua. Nyie wote mmefinyangwa udongo mmoja."

Msumari alifunga mlango, akamrudishia askari ufunguo.

*

Mchoraji alifanyia kazi nyuma ya duka la kuandika mabango, kando ya barabara iliyopita mbele ya mahakama. Chumba kilinuka tapentaini na mafuta ya kitani. Chini ya dirisha refu palikuwa na meza, na juu ya meza glasi ya maji yenye kijiko. Mchoraji, mwanamume wa makamo mwenye rangi ya kijani kwenye ndevu, hakuacha kuchora.

"Umeniletea birika langu?"

"Sijaleta."

"Basi mlango ni huohuo ulioingilia."

"Nitautumia nikimaliza. Vitu ulivyochora ulivipata wapi?"

"Kwao. Barua yao ilisema mahakama itanipa vielelezo. Nikachukua kikapu nikaenda kuvidai."

"Vielelezo," Msumari alirudia.

"Vielelezo! Vitu vya kutazama ninapochora. Kwani wewe unaviitaje?"

Msumari aliligeuza neno kichwani. Kwa mchoraji, kielelezo ni kitu unachokiweka mbele ya macho ili mkono ukifuate. Kwa mahakama, kielelezo ni kitu kilichokamatwa, kikafungwa kibandiko, kikawekwa chini ya kufuli kusubiri hukumu. Bila shaka msajili alitaka kumwonyesha picha za mfano. Mchoraji alielewa vyombo. Na mtunza ghala, alipoona mtu amekuja na barua ya msajili yenye neno *vielelezo*, alitii. Neno lilitoka ofisini likiwa moja, likafika ghalani likiwa mawili.

"Kwa hiyo korido yote ile," alisema polepole, "ni ushahidi."

"Sijui ni nini. Mtunza ghala alinipa, nikachora, nikarudisha. Ila juzi mzee mmoja aliketi chini ya picha ya redio akalia kwamba redio yake imeibwa mara ya pili. Nilidhani ananisifu."

"Birika uliliangusha?"

Brashi ilisimama. "Nini?"

"Limebonyea. Tumboni, chini ya mdomo. Uliliangusha ukaogopa kusema."

"Nililirudisha kama nilivyolipokea."

"Au ulilipokea limebonyea, ukaliremba ili lipendeze."

Mchoraji alitupa brashi, ikaacha mstari wa kijani sakafuni. "Kuremba nenda saluni! Mimi huchora kilichopo. Kamuulize huyo msajili wenu. Alikuja hapa akanisimamia kichwani, akataka nifute ule mmegeko wa kikombe, eti mahakama isionekane maskini. Nikamwambia akitaka kikombe kizima akanunue. Wewe mwanamke unajua mbonyeo kwenye shaba ni nini kwa mchoraji? Ni karamu! Mwanga unaingia, unajikunja, unavunjika, unatoka upande usioutegemea. Ningelipata lina mbonyeo ningelala nalo kitandani!"

"Punguza sauti."

"Chumba changu, sauti yangu."

Msumari alisogelea picha iliyokuwa ikichorwa. Kijiko kilikuwa kimesimama ndani ya maji, na ubavuni mwa glasi kulikuwa na kijiko cha pili, chembamba, kilichopinda.

"Hiki cha pili ni cha nini?"

"Ni hichohicho. Mahali panapong'aa kitu hukichora mara mbili: mara moja pale kilipo, mara ya pili pale kinapojitazama. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua."

Msumari alibaki akikitazama kijiko cha pili. Kisha akageuka.

"Vaa viatu. Tunakwenda."

"Sikamatwi bila karatasi."

"Hukamatwi. Unakwenda kunisomea picha yako mwenyewe."

*

Walirudi koridoni wakitukanana kwa adabu njia nzima. Msumari aliigeuza picha, akaisimamisha kwenye benchi chini ya dirisha. Hakulijali tundu. Aliweka kidole karibu na lile doa la manjano kwenye sinia, bila kuligusa.

"Hiki?"

"Birika," mchoraji alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Limejitazama kwenye sinia. Mshenzi kakata birika, kasahau kivuli chake."

"Hapa?"

"Mdomo. Hapo chini ya mdomo ni tumbo."

"Na huu mstari mweupe unaopita tumboni?"

"Dirisha langu. Mwanga wa dirisha uko kwenye shaba, na shaba iko kwenye sinia."

"Pangekuwa na mbonyeo hapo, ungekuwaje?"

"Ungekatika. Ungekwenda hivi, ukavunjika kama fimbo, ukaanzia kwingine." Aliinama akautazama mstari mweupe, mmoja, laini, uliozunguka tumbo la birika bila kukatika popote. "Huu haujakatika. Nakumbuka. Niliuvuta kwa pumzi moja."

Msumari aliona pia fundo la waya, juu chini, dogo kama punje, kwenye kivuli cha mkono. Wateja wa mahakama waliokuwa wakisubiri walianza kusogea. Askari mnene alinyoosha shingo.

"Sasa umeniamini?" mchoraji aliuliza.

"Bado. Umenionyesha lilivyokuwa mikononi mwako. Hujanionyesha lilivyotoka. Keti hapa na picha yako. Mtu akiigusa, piga zile kelele zako."

Ghala la vielelezo lilikuwa mwisho wa jengo, nyuma ya mlango wa chuma. Mtunza ghala aliitwa Komeo, kwa sababu ya funguo alizobeba kiunoni na kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa mtu mwembamba anayejibu kila swali kwa kukubali nusu. Rafu zilipanda mpaka darini: baiskeli zisizo na magurudumu, mapanga yaliyofungwa magazeti, televisheni, viatu vya mguu mmoja mmoja, kila kimoja na kibandiko chake. Katikati ilikuwepo meza ya mbao, pana, iliyofunikwa kwa karatasi za kaki. Karatasi zilikuwa mpya, na pembe zake zilibandikwa kwa gundi ya utepe.

"Meza yako inaumwa?" Msumari aliuliza.

"Vumbi, afande."

"Rafu hazipati vumbi?"

"Zinapata, afande. Kiasi."

"Leta birika la kesi ya seremala."

Komeo alilileta. Shaba ilikuwa imefubaa. Mkononi waya na fundo vilikuwa palepale, na chini ya mdomo tumbo lilikuwa limeingia ndani, bonde la kutosha ngumi ya mtoto. Msumari aliliweka sakafuni.

"Ulimpa mchoraji birika hili."

"Barua ilisema vielelezo, afande! Muhuri wa msajili ulikuwepo! Mimi ni nani nibishane na muhuri?"

"Sijakugombeza bado. Lilirudi likiwaje?"

Komeo alizishika funguo zake zote kwa mkono mmoja ili zisilie. "Lilirudi... salama. Kiasi."

"Kiasi gani?"

"Salama, afande. Lilirudi salama, nikalifuta mwenyewe. Kesi ilikuwa haijaanza kusikilizwa. Kisha likachukuliwa kwenda kupimwa, likarejea limebonyea."

"Hukuuliza?"

"Niulize nini? Aliyelichukua aliniambia, 'Huyo mchoraji wako kaliharibu, Komeo. Ikijulikana ulitoa ushahidi wa mauaji ukachorwe picha, utafungwa kabla ya seremala. Nyamaza, nami nitanyamaza.' Nikanyamaza. Nina watoto, afande."

"Nani aliyelichukua?"

Komeo alitazama viatu vya rafuni kana kwamba vingemsaidia kukimbia.

Msumari hakurudia swali. Alishika pembe ya karatasi ya kaki, akaivuta. Gundi ililia kwa urefu wote wa meza. Mbao ilikuwa ya zamani, iliyojaa madoa ya chai na wino, na juu ya hayo yote palikuwa na mchoro mpya, mweupe, uliochimbwa na ncha ya wembe uliopenya kitambaa ukafika ubaoni. Ulikuwa na mdomo. Ulikuwa na mkono. Ulikuwa na tumbo.

Alizungusha kidole juu yake taratibu, kutoka mdomo mpaka mkono. "Mke wa seremala hana ufunguo wa mlango huu," alisema. "Wala mchoraji hana. Jana jioni aliingia nani hapa na picha kwapani?"

"Aliniambia niende nikamnunulie sigara."

"Nani, Komeo?"

"Mkuu wako," alisema Komeo, na funguo zote zikalia kwa pamoja. "Mkuu wa upelelezi. Alisikia yule mama anavyopiga kelele kuhusu birika. Jioni akaja. Niliporudi na sigara, karatasi hii ilikuwa imeshabandikwa."

*

Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshafika. Alikuwa amekalia kona ya meza ya msajili kana kwamba ni yake, kofia gotini, akicheka. Kicheko kilikatika alipomwona Msumari ameingia na birika mkononi na mkono mwingine umemshika Komeo kiwiko.

"Umeshamfunga yule mwanamke?"

"Hapana, afande. Nimekuja kuomba aachiwe."

Msajili aliweka kalamu chini. "Kwa sababu ipi?"

"Kwa sababu picha ilikatwa juu ya meza ya ghala, mzee. Alama ya wembe iko ubaoni, umbo la birika lote. Nimelifunga ghala na funguo ninazo. Mtunza ghala huyu atakuambia nani alimtuma sigara."

Komeo alifungua mdomo. Mkuu alimtazama. Komeo akaufunga, kisha akaufungua tena, akasema haraka kama mtu anayetema, "Yeye. Yeye ndiye aliyenituma."

"Huyu mwizi wa vielelezo?" mkuu alisema bila kuinua sauti. "Aliyetoa ushahidi wa mauaji akampa mpaka rangi? Ndiye shahidi wako?"

"Shahidi wangu ni sinia." Msumari aliliweka birika mezani, mbonyeo ukimwelekea msajili. "Ulikata birika, afande, ukaitundika tena picha ili lawama imwangukie yule mama, ila ukaacha kivuli chake. Kwenye sinia birika ni zima. Na lilichorwa likiwa tayari mikononi mwetu, baada ya mauaji. Iwe mchoraji aliligonga, iwe Komeo, iwe wewe kwa nyundo na kitambaa, jambo moja halibadiliki: mbonyeo huu haukutoka kichwani mwa marehemu. Na ukiuondoa mbonyeo, umebaki na nini kwenye kesi ya seremala?"

"Na mchoraji anayeremba vitu."

"Harembi. Muulize msajili."

Msajili alikuwa akilitazama birika, kisha ukuta, kisha mikono yake.

"Mzee," Msumari alisema, "ulimwomba afute mmegeko wa kikombe?"

"Nilimwomba."

"Akafuta?"

"Alinitukana," msajili alisema. Kila neno lilitoka kama jino linalong'olewa. "Alisema hafuti kilichopo hata kwa jaji mkuu. Kikombe kiko koridoni, na mmegeko wake."

Mkuu alishuka mezani. Alivaa kofia, akaiweka sawa kwa vidole viwili. Hakumtazama msajili tena.

"Picha iko wapi?"

"Nilipotoka ghalani nilimpa mchoraji aibebe. Yuko mlangoni mwa chumba cha jaji na wakili wa seremala."

"Kairudishe."

"Hapana."

"Msumari. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye doria za sokoni. Nilikupa dawati, nilikupa kesi. Seremala alimuua yule mtu, unajua na mimi najua, sikufanya chochote ila kusaidia kilichokuwa wazi kionekane. Utakwenda koridoni, utachukua picha, utasema ulikosea. Kisha utarudi hapa, mbele ya mzee huyu, uniombe radhi kwa kunivunjia heshima. Na cheo chako kinabaki."

"Inspekta," msajili alisema kwa uchovu, na hakukuwa na urafiki wowote ndani yake, "umeniharibia asubuhi, umeniharibia korido, na sasa kila kesi yenye kitu ukutani itakatiwa rufaa. Angalau omba radhi, hili lisikilizwe bila kelele."

Nje, mlango wa chumba cha jaji ulifunguliwa. Sauti ya mchoraji ilisikika ikimwelekeza mtu kwa ukali asiegemeze rangi ya mafuta kwenye jua. Kisha mlango ukafungwa, na sauti ikabaki ndani.

Msumari alifungua mfuko wa shati, akatoa kitambulisho chake cha kazi, akakiweka mezani kando ya birika.

"Chini ya ngazi kuna mwanamke aliyestahili kuombwa radhi leo," alisema, "nikamnyima. Siwezi kukupa wewe iliyo yake, afande. Siombi."